Fyuzi ya taa ndogo za tela inakatika nikiwa na mzigo tu, nikiwa mtupu haina neno

Gia_ya_Nane · Jumatatu, saa 4:12 usiku

Heshima kwenu wakuu.

Naomba msaada wa mwenye uzoefu na umeme wa matela, maana mimi nimebakiza kwenda kupiga ramli. Kichwa ni Scania 124, tela ni flatibedi ya ekseli tatu, springi za chuma. Nina miaka 16 barabarani. Nimebadilisha tairi usiku mvua inanyesha, nimelala porini siku tatu nikisubiri klachi itoke Dar, lakini umeme sijawahi kuuelewa. Tairi likipasuka unaliona. Umeme unakuangalia tu.

Ruti yangu ni Dar kwenda Makambako na Mbeya. Nikipanda nabeba mbolea, mifuko 560 ya kilo 50. Nikishuka nabeba mbao za Mafinga, nikikosa narudi mtupu.

Shida yenyewe: fyuzi ya taa ndogo za kushoto inakatika. Indiketa nzima, taa za breki nzima, taa ndogo za kulia hazijawahi kunisumbua hata siku moja. Ni hiyo ya kushoto tu, na ikikatika inaondoka na taa ndogo ya kushoto ya kichwa pia.

Sasa sikilizeni maajabu. Nikiwa na mbolea, nikifika matuta ya Mikumi inakatika. Naweka nyingine, nafika milima ya Iyovi inakatika. Safari moja imekula fyuzi sita. Nikirudi na mbao ilikatika mara moja tu. Nikirudi mtupu, taa zinawaka kutoka Mbeya mpaka Kibaha kama za harusi.

Nimeshapita kwa mafundi wawili. Wa kwanza, Morogoro, alibadilisha koili yote ya umeme kati ya kichwa na tela, akachukua chake, nikaondoka nikipiga mluzi. Niliupiga mpaka Doma. Wa pili alibadilisha balbu zote za kushoto, kisha akaniwekea fyuzi ya 20 badala ya 10, akasema, "Hii haikatiki, kaka." Na kweli haikukatika. Ila tukikaribia Ruaha Mbuyuni tingo wangu akaanza kunusa, "Bosi, kuna mpira unaungua." Nilisimama nikaichomoa palepale, nikarudisha ya 10.

Nimeandikiwa 30,000 mara mbili mwezi huu. Trafiki wa pili aliniuliza kama hilo tela langu linakonyeza wasichana. Tajiri naye anasema hela ya fundi wa tatu nitoe mfukoni kwangu.

Niko Dar sasa hivi, napakia Alhamisi. Nina siku mbili tatu hapa. Nianzie wapi?

—

Kibega · Jumatatu, saa 4:31 usiku

Mkuu funga LED tela zima usahau shida. LED zinakula umeme kidogo, fyuzi haitakatika tena.

—

Jomvu_Nyumbani · Jumatatu, saa 5:05 usiku

Salamu kutoka Mombasa. Pole bwana dereva.

Mimi navuta skeletoni, yaani trela la kubebea kontena, kontena za bandarini mpaka Malaba, na hii kitu ya fiuzi imenila pesa mpaka nikaanza kujifunza stima mwenyewe. Kitu cha kwanza kabisa usiguse waya wowote. Chomoa plagi ya trela, washa taa ndogo, uache kichwa peke yake kizunguke yadi. Fiuzi ikikaa, basi kichwa hakina makosa. Halafu kama una rafiki yuko na trela hapo, badilishaneni: yeye avute lako, wewe uvute lake. Ugonjwa ukimfuata yeye, umeshajua uko wapi na hujalipa makanika hata shilingi.

Pili, fungua soketi uangalie ndani. Sisi huku pwani chumvi ya bahari inageuza shaba kuwa kijani kibichi kama mchicha. Ukiona unga wa kijani kati ya pini na pini, umeme unapitia hapohapo.

Tatu, mimi langu lilikuwa limekandamizwa na kontena. Waya ulipita karibu na lile kufuli la pembeni, mwenye mashine akatua kontena juu yake, tani 20 na zaidi zikakaa juu ya waya. Ukitoa kontena waya unarudi kama kawaida, huoni kitu. Wallahi nilitafuta wiki mbili. Wewe uko na flatibedi lakini uangalie mahali popote mzigo unakandamiza.

—

Gia_ya_Nane · Jumatatu, saa 5:20 usiku

Asante sana ndugu wa Mombasa. Kichwa nimeshakipima bila kukusudia: mwezi uliopita nilivuta tela la mwenzangu mpaka Iringa na mzigo, fyuzi haikukatika. Kwa hiyo ni tela langu.

—

Fundi_Mita · Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Gia ya Nane, pole. Umeme wa magari nilijifunzia mtaa wa Gerezani hapa Dar nikiwa kijana wa kushika tochi, sasa nina banda langu Tabata. Ngoja nikueleze kwa kirefu kwa sababu naona umeshaibiwa mara mbili na sitaki ya tatu.

Kwanza huyu wa LED. Kaka Kibega, LED ni nzuri, mimi mwenyewe nazifunga, ila hazitibu shoti. Waya wa moto ukigusa chesisi, umeme hauendi kwanza kuuliza huko mbele kuna balbu gani. Unashuka hapohapo.

Pili, fyuzi. Balbu ndogo ya tela ni wati 5. Hesabu za upande wako wa kushoto: ubavuni nne, nyuma mbili, mbele moja, na ile ya namba. Nane. Hiyo ni wati 40. Gawanya kwa volti 24, haifiki hata ampea 2. Fyuzi yako ni ya 10. Ina nafasi mara tano na zaidi. Kwa hiyo ikikatika si kwamba imezidiwa na taa, kuna mahali umeme unamwagika. Aliyekuwekea ile ya njano ya 20 aliuondoa mlinzi mlangoni. Ile harufu ya Ruaha Mbuyuni ilikuwa waya wako ukifanya kazi ya fyuzi. Mshukuru tingo wako kwa pua yake, mnunulie soda. Nimeona watu wanaweka karatasi ya pakiti ya sigara, nimeona msumari, na nimeliona tela lililoungua waya kutoka mbele mpaka nyuma ndani ya paipu, ukivuta unatoka ukiwa umeshikana kama ubuyu.

Sasa kutafuta. Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea. Wanachukua mita, wanaiweka kwenye mlio, wanagusa pini ya taa ndogo na pini ya athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri) kwenye plagi ya tela, mita inalia piii, wanaruka: "Shoti hii hapa!" Sivyo. Balbu ya wati 5 ikiwa baridi ina ohm (kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme) kama kumi hivi. Nane zikiwa zimeungwa pamoja zinashuka mpaka ohm moja na kitu. Mita italia hata tela likiwa jipya limetoka kiwandani leo. Ukitaka kuiamini mita, toa kwanza balbu zote za upande huo. Na hata hivyo mita ina kibetri kidogo, shoti ya kuja na kuondoka kama yako haitaiona.

Mimi natumia balbu ya taa kubwa. Tafuta H4 ya volti 24, ya wati 75/70. Hata iliyokufa waya mmoja, mradi mwingine uwe mzima, kwa hiyo usinunue, waombe wenzako. Iunge nyaya mbili ndefu kidogo. Chomoa fyuzi iliyokatika, nyaya zako mbili ziingize kwenye yale mashimo mawili ya fyuzi. Sasa umeme wote wa taa ndogo za kushoto unapita kwenye H4 kwanza. Washa.

Kama hakuna shoti, H4 itakuwa nyekundu kama kaa linalotaka kuzimika, na taa za tela zitawaka kichovu. Kama shoti ipo, H4 itawaka kwa nguvu zake zote, nyeupe, kama iko kwenye taa ya mbele, na tela litakuwa giza. Haiungui kitu, kwa sababu balbu yenyewe haipitishi zaidi ya ampea 3 na kidogo. Unaweza kuiacha shoti iendelee kutwa huku ukiitafuta taratibu, na fyuzi hata moja hujanunua. Ila itundike hewani. H4 ni jiko. Mimi nimeshatoboa kiti cha mteja, nikakilipa.

(Hii ni kwa magari kama lako, yenye fyuzi za kweli. Vichwa vipya ambavyo kompyuta ndiyo inapeleka umeme kwenye tela, usichokonoe huko. Chomoa tela, chukua betri mbili za 12, ziunge ziwe 24, ulishe tela kwenye plagi yake kupitia H4.)

Pini za ile plagi ya duara ya saba, kwa matela ya mtindo wa Ulaya: 1 nyeupe ni athi, 2 nyeusi taa ndogo kushoto, 3 njano indiketa kushoto, 4 nyekundu breki, 5 kijani indiketa kulia, 6 kahawia taa ndogo kulia, 7 bluu ni ya mambo mengine. Wewe unamtafuta namba 2. Amini namba zilizochongwa kwenye plagi. Rangi usiziamini, maana kuna mafundi wanaunga nyeusi kwa njano kisha kwa waya wa spika, alimradi taa imewaka.

Lakini haya yote ukiyafanya leo utapata jibu moja: hakuna shoti. Kwa nini? Kwa sababu uko mtupu! Umesema mwenyewe. Mbolea inakata, mbao inakata kidogo, mtupu haikati. Mafundi wote wawili walilipima tela likiwa tupu, limekaa yadini, halina wasiwasi. Ni sawa na kumpima mtu presha akiwa usingizini.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri upakie. Ukishapakia usitoke. Tafuta gogo au mbao mbili tatu za kupigilia pamoja, unene wa kiganja. H4 itundike mahali unapoiona ukiwa kwenye usukani. Tingo akae nje, mbali na tela, akuelekeze. Gia ya kwanza, taratibu, panda gogo kwa magurudumu ya kushoto ya ekseli ya kwanza ya tela. Simama, angalia balbu. Shuka. Panda kwa ekseli ya pili, simama, angalia. Halafu ya tatu. Kisha kata kona kushoto mpaka mwisho, kata kulia mpaka mwisho, uone koili na waya wa mbele unaopita karibu na miguu ya tela. Mahali balbu itakapoangaza, tela limekujibu.

Tingo asiingie chini gari likiwa linatembea. Na mtu yeyote anayesoma hapa ambaye anavuta tangi la petroli, haya hayakuhusu. Shoti ni cheche. Nenda kwa watu wenye vifaa vya kazi hiyo.

—

Mwenye_Gari_Moja · Jumanne, saa 2:15 asubuhi

Mimi ni mama, sijui gia hata moja, ila nina gari moja Tunduma na kila mwisho wa mwezi naletewa karatasi. Nimesoma hapa nikaenda kutafuta daftari langu. Fyuzi, fyuzi, fyuzi, koili mpya, fyuzi, "fundi wa taa". Miezi minne. Nilidhani kijana ananipiga. Kumbe huenda ni kweli.

Fundi, swali: dereva akifanya hayo ya gogo, hawezi kuvunja kitu?

—

Fundi_Mita · Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Hapana mama, gogo la kiganja ni dogo kuliko matuta anayoyaruka kila siku. Aende polepole tu. Na huyo kijana muombe radhi.

—

Mwenye_Gari_Moja · Jumanne, saa 2:44 asubuhi

Nitamwomba nikishaona.

—

Gia_ya_Nane · Jumanne, saa 11:50 jioni

Wakuu, sikuweza kusubiri. H4 nimepewa na jamaa wa lori la mchanga, mguu mmoja umekufa kama ulivyosema. Nimeunga, nimewasha. Nyekundu kabisa, kaa la mkaa. Nimetikisa waya kila mahali mkono unapofika, hakuna kitu.

Ila nimefungua kile kiboksi cha nyuma pale nyaya zinapogawanyika. Nimekuta tope limekauka na nyumba ya nyigu, nzima, na wenyewe walikuwepo. Tingo amevimba jicho. Nimesafisha, nimefunga mpira mpya. Je, haiwezi kuwa ndiyo hiyo?

—

Fundi_Mita · Jumanne, saa 1:30 usiku

Nyigu hajui uzito wa mbolea. Umefanya vizuri kusafisha, lakini subiri Alhamisi.

—

Kibega · Jumanne, saa 1:41 usiku

Pole kwa tingo. LED hazina nyigu.

—

Gia_ya_Nane · Alhamisi, saa 3:25 usiku

Wakuu, kaeni mkao wa kusikiliza.

Tumemaliza kupakia saa tisa alasiri. Mifuko 560, turubai limefungwa, kamba zimekazwa. Wapagazi wameondoka. Nikaomba ruhusa kwa mlinzi wa ghala nitumie kona ya yadi, akanitazama kama nimelewa, akakubali. Gogo tulipata kwenye rundo la kuni za mama ntilie, tumelirudisha na tumekula wali kwake, kwa hiyo hakuna deni.

H4 nikaitundika kwenye mshikio wa mlango wa kushoto, vioo vyote chini. Nikawasha taa ndogo. Nyekundu. Nikamwambia tingo asimame kule kwenye ukuta, apige kofi nikipanda.

Ekseli ya kwanza, kofi. Nyekundu.

Nikashuka, nikasogea. Ekseli ya pili, tela likainama kidogo, kofi. Wakuu, ile balbu iliwaka mpaka nikafumba macho. Kabini nzima ikawa nyeupe. Nikabaki nimeshika usukani nacheka peke yangu. Nikarudi nyuma nikashuka kwenye gogo, ikawa nyekundu. Nikapanda tena, nyeupe. Nikashuka, nyekundu. Nimefanya hivyo mara nne, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ni kwamba ilikuwa raha.

Mara ya mwisho nimeliacha juu ya gogo, nimezima injini, nimevuta breki, tumeweka vigingi vya mawe mbele na nyuma. Nimeingia chini na tochi ya simu.

Kumbe waya mkubwa wa taa haupiti ndani ya chesisi pale. Kutoka mbele unakuja ndani vizuri, ukifika karibu na ekseli ya pili kuna mtu, Mungu ndiye anayemjua, aliutoa nje akaupitisha chini ya ubao wa chesisi, akaufunga kwa vibano vya plastiki. Kibano kimoja kimekatika. Waya umeshuka, umelala juu kabisa ya U-bolti, ile bolti ya umbo la U inayofunga springi ya kushoto kwenye ekseli. Nikiwa mtupu, nafasi kati ya U-bolti na chesisi vidole vinne vinapita. Nikiwa na mzigo hata kidole kimoja kinapita kwa shida. Nikiwa juu ya gogo hakuna nafasi. U-bolti inaubana waya kwenye chesisi kama jino.

Ganda la nje limekatwa nusu mzunguko. Ndani yake ule mweusi ndio uliokuwa upande wa chini, umechubuka, na nyuzi tatu za shaba zimetoka kama ndevu za paka. Juu ya U-bolti kuna alama nyekundu ya shaba inang'aa, ndogo kama punje ya mtama. Hiyo punje ndiyo imekula fyuzi zangu, 60,000 zangu za trafiki na koili ya Morogoro. Wa njano, wa indiketa, alikuwa wa pili kwenye foleni, ganda lake limeshaanza kukwanguka.

Nimepiga picha lakini simu imejaa, nitaweka.

Kwa sasa nimeufunga kwa tepu nimeuinua juu kwa kamba. Fundi, natoka kesho saa kumi alfajiri. Naweza kwenda hivi?

—

Jomvu_Nyumbani · Alhamisi, saa 3:40 usiku

Nimewaambia wenzangu hapa, tumeshangilia kama bao.

—

Fundi_Mita · Alhamisi, saa 4:02 usiku

Hongera. Usiende hivyo.

Tepu peke yake itafika Chalinze. Joto linailegeza gundi, maji yanaingia, na wiki ijayo unarudi hapa unaniambia fyuzi. Kata ule mweusi mahali palipochubuka, ondoa shaba iliyobadilika rangi, unga upya, choma risasi (solda) kama una chombo, halafu mpira wa kusinyaa kwa moto juu yake. Uvishe mpira kabla ya kuunga. Kila fundi amewahi kuusahau, hata mimi jana. Wa njano kama shaba haijaonekana, mfunike tu. Kisha urudishe mzigo wote wa nyaya ndani ya chesisi, mahali ulipotakiwa kuwa. Ukipita kwenye tundu la chuma lisilo na mpira, chukua kipande cha paipu ya upepo iliyochakaa, kipasue kwa urefu, uvishe waya pale. Hiyo ni bure na inadumu kuliko kibano cha dukani.

Sasa nina swali ambalo halinihusu mimi mtu wa umeme. Vidole vinne mtupu, kidole kimoja na mzigo. Upande wa kulia, ekseli hiyohiyo, ikiwa na mzigo, vidole vingapi?

—

Gia_ya_Nane · Alhamisi, saa 4:20 usiku

Subiri nikapime.

—

Gia_ya_Nane · Alhamisi, saa 4:48 usiku

Kulia vidole viwili na nusu, vinapita bila kugusa. Ekseli ya kwanza na ya tatu kushoto pia viwili na nusu. Hii ya pili kushoto ni kimoja. Gari liko chini kwenye sakafu ya zege, gogo nimeshalitoa.

—

Fundi_Mita · Alhamisi, saa 4:55 usiku

Basi hiyo springi ina jambo. Mtafute mtu wa springi kabla ya mlima Kitonga. Angalia pale katikati, chini ya U-bolti, ambapo jicho halifiki.

—

Gia_ya_Nane · Jumapili, saa 2:10 usiku

Niko Makambako, nimeshusha. Nimechelewa siku moja na tajiri ameongea mpaka salio likaisha, la kwake.

Waya niliufanya kama ulivyoelekeza, nikaazima chuma cha risasi kwa fundi redio jirani na ghala. Mpira wa kusinyaa niliusahau mara ya kwanza, nikakata, nikaunga tena. Ijumaa asubuhi sikutoka, nikaingia kwa watu wa springi. Walipolegeza U-bolti, bapa la tatu la springi kutoka juu likatoka vipande viwili. Limevunjika kwenye tundu la sentaboliti, bolti inayoshikanisha mabapa, katikati kabisa, limefunikwa, na mahali palipovunjika pana kutu ya zamani. Yule mzee wa springi alilipangusa kwa kidole, akasema hili si la wiki hii, huenda lina miezi. Nimekuwa nashuka Kitonga nalo.

Tajiri nimemtumia picha ya lile bapa. Springi amelipa yeye, bila neno.

Matuta ya Mikumi nimeyapita usiku, naangalia kioo cha kushoto kuliko barabara, tingo akanikaripia. Taa zote nne za ubavuni zimewaka mpaka hapa. Fyuzi ni ile ile ya 10 niliyoiweka Ijumaa, nyekundu, nimeiandikia tarehe kwa kalamu. H4 tingo ameiviringisha kwenye soksi, ameificha chini ya kitanda, hataki mtu aiguse.

—

Mwenye_Gari_Moja · Jumapili, saa 2:37 usiku

Nimempigia kijana wangu. Kesho anapanda gogo, na mimi nitakuwepo nishike hiyo balbu mwenyewe.

—

Fundi_Mita · Jumapili, saa 2:41 usiku

Usiishike mama. Itundike.